Pacha wangu mmoja kapata 128, mwenzake 103. Niwatenganishe?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa pacha, msichana na mvulana, wana miaka kumi. Majina yao sitayataja, tuwaite Kulwa na Doto. Kulwa ndiye wa kike. Alimtangulia mwenzake kwa dakika chache tu, na hadi leo hamruhusu asahau.

Tangu waanze shule wamekaa darasa moja. Mwaka huu shule imeanzisha darasa maalumu la watoto wenye vipaji, na ili kuwapata hao watoto wakawafanyisha wote wa umri wao kipimo cha akili. Waliwaketisha ukumbini asubuhi moja, kila mtu na karatasi yake na penseli, muda ukihesabiwa. Baadaye tukaletewa bahasha mbili. Kulwa amepata 128. Doto amepata 103. Anayeingia darasa lile ni aliyepata 125 kwenda juu. Tunatakiwa tujibu kabla mwezi haujaisha kama tunakubali Kulwa ahamishwe.

Shangazi, tangu siku hiyo nyumba yangu si ile tena. Baba Kulwa aliipiga picha karatasi ya Kulwa akaitupia kwenye kundi la familia. Pongezi zikamiminika. Mama mkwe akaandika, najua ni utani, kwamba Kulwa alizibeba akili zote tumboni akamwachia mwenzake shibe. Watu wakacheka. Sasa Doto huwa anachukua simu ya baba yake kuchezea drafti, na sijui kama aliona. Usiku ule nilipokuwa namfunika shuka akaniuliza, "Mama, mimi zangu zilikuwa ngapi?" Nikamjibu kwamba karatasi yake bado haijafika. Hajauliza tena, na hilo ndilo linalonitisha.

Kinachonichanganya ni kwamba Doto huyu ninaishi naye. Ni kweli si msomaji. Kitabu ambacho dada yake anakimaliza jioni moja, yeye anakikokota wiki nzima, kidole kikifuata mstari. Lakini msomee wewe hesabu ya mafumbo kwa sauti, atakupa jibu kabla hujafika kwenye nukta. Kwenye drafti anamfunga mjomba wake, mtu mzima mwenye maneno mengi. Na baba yake akirudi na jambo moyoni, Doto ndiye anayeliona kwanza, kabla yangu mimi.

Alinisimulia swali moja la kile kipimo. Zilichorwa picha nne: nyundo, bisibisi, msumari na msumeno, wakaambiwa watoe kisichofaa kuwa pamoja na wenzake. Kulwa alitoa msumari, kwa kuwa vingine ni zana za kazi. Doto alitoa msumeno. Nikamwuliza kwa nini. Akanitazama kama anayeshangaa kwamba sioni: "Hivyo vingine vyote vinaunganisha vitu. Msumeno peke yake ndio unatenganisha." Nilikosa la kusema. Lakini najua kwenye karatasi alikula sifuri.

Tena usiku wa kuamkia kipimo alikohoa hadi alfajiri. Nilitaka abaki nyumbani akakataa, hakutaka Kulwa aende peke yake.

Kaka yangu ananiambia vipimo hivi ni ulaghai mtupu, vilibuniwa kubagua watu, nizichane barua zote mbili. Baba Kulwa anasema namba haina upendeleo, na kwamba natafuta visingizio kwa sababu Doto ndiye kipenzi changu. Mwalimu wao anasema tukimzuia Kulwa tutakuwa tumemfungia mlango mtoto mwenye uwezo.

Nikimhamisha Kulwa, Doto hahitaji kuonyeshwa karatasi yoyote, atakuwa ameshajibiwa. Nikimzuia, namwadhibu msichana kwa kosa la kufaulu. Nimwambie Doto namba yake au nisimwambie? Na zaidi ya yote, hivi vipimo hivi vinapima akili kweli? Maana kama vinapima, basi inabidi nimkubali mwanangu alivyo, niache kuhangaika.

Mama Pacha

*

Marahaba, Mama Pacha.

Umeniuliza kama Kulwa ahame, na kama Doto aambiwe. Yote mawili umeyaegemeza kwenye la tatu, kwamba namba ile ndiyo akili ya mtoto au siyo. Lakini sentensi iliyonisimamisha ni ile ya mwisho, kwamba kama kipimo kinasema kweli, basi umkubali mwanao "alivyo". Ngoja tuanzie hapo, kwa sababu naona barua yote umeiandika kama mama aliyeletewa habari mbaya.

103 si habari mbaya. Vipimo vya IQ, yaani vipimo vya akili kama hicho cha shule yenu, hupangwa ili wastani wa watu wa umri mmoja uwe 100, na takriban theluthi mbili ya watu waangukie kati ya 85 na 115. Mwenye 103 amewapita watoto kama 58 katika kila 100. Doto yuko palepale walipo watoto wengi wa dunia hii, kidogo upande wa juu. Ameonekana mfupi kwa sababu kasimamishwa ubavuni mwa dada aliyewapita kama 97. Angekuwa amezaliwa peke yake, ile bahasha ungeifungua, ukaisoma, ukaendelea na shughuli zako.

Na tofauti kati yao, mbona si kioja? Ninyi mnasema pacha, lakini msichana na mvulana ni pacha wasiofanana, kwa damu ni ndugu wa kawaida waliochangia tumbo kwa wakati mmoja. Ndugu wa baba na mama mmoja hutofautiana kwenye vipimo hivi kwa wastani wa pointi kama 12, wakati watu wawili wasiojuana hutofautiana kama 17. Yaani kukulia nyumba moja hakuwafanyi watoto walingane sana. Pointi 25 ni nyingi kuliko kawaida ya ndugu, nakubali, na sitakudanganya kwamba ni kikohozi tu. Ila ndugu wenye pengo la namna hiyo wapo, na hakuna aliyemwibia mwenzake tumboni. Mwambie hivyo mama mkwe, kwa adabu zako.

Sasa lile swali kubwa. Kaka yako na Baba Kulwa kila mmoja ameshika kipande cha ukweli akakiita kitu kizima.

Historia anayoisema kaka yako haikutungwa. Mwaka 1917 jeshi la Marekani lilianza kuwapima askari wapya, na hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vinakwisha walikuwa wamepimwa watu wapatao milioni 1.7. Baadhi ya maswali yalitaka mtu ajue bidhaa zinazouzwa Marekani na wachezaji wa besiboli. Mhamiaji aliyeshuka melini juzi akikosa hayo, ilihesabika kwamba akili yake ni ndogo. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliruhusu Carrie Buck, msichana aliyetajwa kuwa punguani, afungwe kizazi, na alama za kipimo cha akili zilikuwa sehemu ya ushahidi dhidi yake. Anayevichukia vipimo hivi ana sababu.

Lakini angalia vilikoanzia. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuangalia watoto walioshindwa kwenda na kasi ya shule, na mwaka 1905 Alfred Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo cha kwanza, mazoezi 30 yaliyopangwa kutoka rahisi hadi gumu. Lengo lilikuwa kumtambua mtoto anayehitaji msaada, apewe. Binet mwenyewe alipinga waziwazi wale waliosema akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka. Ninachokiona kwenye barua yako ni kwamba shule imekitumia kipimo kinyumenyume. Imemtafuta anayestahili zaidi, na kuhusu mwenye 103 haikusema neno. Kama Doto angekuwa na shida yoyote, karatasi ile ilikuwa nafasi ya kuiona. Je, kuna aliyekuita kuzungumza juu yake?

Na si kweli kwamba vipimo havipimi kitu. Tarehe 1 Juni 1932 Uskoti iliwapima siku moja karibu watoto wake wote waliozaliwa 1921, jumla 87,498. Mwaka 1998 watafiti waliwatafuta baadhi yao, wakiwa wazee wa miaka kama 77, wakawapa kipimo kilekile. Kwa sehemu kubwa waliokuwa juu utotoni walikuwa juu uzeeni. Kitu cha kubahatisha hakiwezi kufanya hivyo. Alama za IQ huenda sambamba pia na alama za shule, uwiano wake ni kama 0.5. Wanaojua takwimu watakuambia maana yake: kipimo kinaeleza kama robo ya tofauti za watoto darasani, na robo tatu zilizobaki zinatoka kwingine, kwenye bidii, mwalimu, afya, utulivu wa nyumbani, hamu ya kujua, na mengine ambayo hayana karatasi.

Ni kama mbio za mita 100 kwa mwanasoka. Saa haidanganyi, na kasi ni kitu cha kweli uwanjani. Ila hakuna kocha anayepanga kikosi kwa saa peke yake, na aliyefanya hivyo angewaacha benchi baadhi ya viungo bora waliowahi kucheza.

Hilo la kuacha watu benchi limewahi kutokea, tena kwa wataalamu wenyewe. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, ndiye aliyekitengeneza upya kipimo cha Binet kwa Wamarekani mwaka 1916, alianza mwaka 1921 kukusanya watoto wenye IQ za juu sana ili awafuatilie maisha yao yote. Alipata zaidi ya 1,500. Wengi walifanikiwa vizuri, lazima niseme, wakawa mawakili, maprofesa, madaktari. Ila hakuna hata mmoja wao aliyepata Tuzo ya Nobel. Wavulana wawili waliopimwa wakaachwa kwa kukosa alama, William Shockley na Luis Alvarez, waliipata ya fizikia, mmoja mwaka 1956 na mwingine 1968.

Baba Kulwa anasema namba haina upendeleo. Namba haina, lakini kabla ya namba kuna mtu aliyekaa akaamua jibu lipi ni sahihi. Hapa ndipo msumeno wa Doto unaponifurahisha. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia wa Kisovieti, Alexander Luria, alikwenda Uzbekistan kuzungumza na wakulima ambao wengi hawakuwahi kusoma. Akawaonyesha nyundo, msumeno, shoka na gogo, akawaambia watoe kisichofanana na wenzake. Jibu la kitabuni ni gogo, maana si zana. Wao walikataa. Vyote vinakwenda pamoja, walisema, ukiondoa gogo msumeno na shoka vitafanya kazi gani? Walipanga vitu kwa kazi inavyofanyika. Shule hufundisha kupanga vitu kwa jina la kundi, na kipimo hutoa alama kwa anayepanga hivyo.

Doto hakupanga kama wale wakulima, wala kama shule. Alibuni kundi lake mwenyewe, vinavyounganisha na vinavyotenganisha, na kundi hilo ni la fikra kabisa. Mtu aliyekaa naye mezani angemwuliza "kwa nini?", na hilo jibu lingeandikwa. Karatasi haiulizi. Wala hapa sisemi Kulwa alijibu kijinga. Alielewa kinachotakiwa, na kuelewa kinachotakiwa nako ni uwezo, tena utamsaidia sana maishani.

Jambo hili linategemea pia mtoto anapewa nini mkononi. Robert Serpell alichapisha mwaka 1979 utafiti wa watoto wa Lusaka na wa Manchester walioagizwa kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, wa Uingereza walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutengenezea magari yao ya kuchezea, Wazambia ndio walioshinda. Kwa udongo wa mfinyanzi walilingana. Ukiuliza nani mwenye akili zaidi, inabidi kwanza useme unampa nini ashike.

Ndiyo maana sentensi yako kuhusu kidole kinachofuata mstari niliirudia kusoma. Mtoto wa miaka kumi anayejibu hesabu upesi akisomewa, na anayekwama akisoma mwenyewe, huenda kinachomchelewesha ni kusoma kwenyewe. Inaweza kuwa macho. Inaweza kuwa disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno, ambayo huwapata watoto wa kila kiwango cha akili na ina njia zake za kufundishwa. Inaweza pia kuwa hapendi vitabu tu, wapo. Siwezi kusema kwa barua. Ila kipimo cha karatasi chenye saa, kwa mtoto anayesoma taratibu, kinapima kusoma kwake pamoja na akili yake, na mwisho hukupa namba moja ya vyote. Kama ni hivyo, ile 103 ni kidokezo cha kufuatiliwa, na ukiichana kama anavyotaka kaka yako unamnyima Doto hicho kidokezo.

Nije kwa Kulwa, maana naona kwenye barua yako yeye hana sauti. Hata yeye namba yake haisimami imara kama mnavyodhani. Kwenye kipimo kizuri cha mtu mmoja mmoja, mwanasaikolojia anayejua kazi yake hasemi 128, husema iko kati ya kama 122 na 134. Mstari wa shule, 125, unapita katikati ya hapo. Kipimo cha ukumbini huwa na mashaka makubwa zaidi. Kisha uliza kilisanifiwa mwaka gani, yaani kinawalinganisha watoto wenu na watoto wa mwaka gani. James Flynn alionyesha miaka ya 1980 kwamba katika nchi nyingi alama zilikuwa zikipanda takriban pointi 3 kila muongo, kiasi kwamba mtoto anayelinganishwa na watoto wa miaka 20 nyuma anaweza kuongezewa pointi kama 6 za bure. Siku hizi kuna nchi, Norwei mojawapo, ambako upandaji huo umesimama na hata kugeuka. Kama kipimo cha shule yenu kinawalinganisha na watoto wa zamani hivyo na kwenu alama ziliendelea kupanda, Kulwa wa leo angekuwa na 122 na barua isingekuja. Angekuwa amebadilika nini?

Na umri wenyewe. Watafiti wa London waliwapima vijana 33 wakiwa na miaka kati ya 12 na 16, wakawapima tena miaka mitatu au minne baadaye. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011: wapo waliopanda na wapo walioshuka, wengine hadi pointi kama 20, na picha za ubongo zilionyesha mabadiliko yanayoendana na hayo. Ni kundi dogo, silitumii kama ngao. Kubwa zaidi ni uchambuzi wa mwaka 2018 uliojumlisha takwimu za zaidi ya watu 600,000, ukakuta kila mwaka wa ziada wa shule unaongeza kati ya pointi 1 na 5. Ukisema umkubali Doto "alivyo", ujue alivyo leo ni mahali alipofika, na bado anatembea.

Basi ufanyeje? Njia ninazoziona zote zina miiba.

Ukikubali Kulwa ahame, huenda akapata walimu wanaomchangamsha na wenzake wa kushindana nao. Huenda pia asipate kikubwa hivyo. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2014 uliwalinganisha watoto waliovuka mstari wa darasa la vipaji kwa pointi chache na waliokosa kwa pointi chache, na baada ya mwaka na nusu haukuona tofauti ya maana kwenye mitihani. Kulwa amevuka kwa tatu. Upande wa Doto, hatari unaijua. Lakini jiulize pia kama ni darasa litakalomuumiza, au ni yale yatakayosemwa nyumbani kuhusu darasa. Pacha wengi hutenganishwa madarasa kwa sababu nyingine kabisa na hupumua vizuri. Wengine wanahitaji miaka miwili zaidi ya kukaa karibu. Ninyi hamjawauliza.

Ukikataa, unanunua amani ya leo. Kulwa atakapokuja kujua, na kwa vile ile picha iko kwenye simu za ukoo mzima atajua, huenda akauliza kwa nini alisimamishwa ili mwenzake asijisikie vibaya. Na Doto naye atalichukulia vipi, kuwa sababu ya dada yake kubaki? Huruma ya namna hiyo mtoto huibeba kama deni. Lakini kukataa si lazima iwe kumzuia. Wapo wazazi waliosema "si mwaka huu", wakamtafutia mtoto mambo ya kumchangamsha nje ya darasa, na hakuna kilichopotea.

Kuna njia ya katikati, ya Doto kupimwa upya na mwanasaikolojia, ana kwa ana, akiwa mzima, na usomaji wake ukiangaliwa peke yake. Faida yake ni kwamba vipimo vya namna hiyo hutoa alama kwa mafungu, utaona wapi anapaa na wapi anakokota, na hilo lina manufaa kuliko jumla. Ubaya ni kwamba hugharimu, na mtoto anayepelekwa kupimwa tena baada ya dada yake kushangiliwa anaweza kusikia ujumbe kwamba kuna kitu ndani yake kimeharibika. Ukienda huko, nenda kwa ajili ya kusoma kwake. Ukienda kutafuta 125 ili warudi kulingana, utakuwa umempa namba uzito uleule anaoupa Baba Kulwa, na Doto ataujua huo uzito hata usipomwambia. Nadhani hapo ndipo pa kujikagua, wewe na si yeye.

Kuhusu kumwambia, nina shaka na kunyamaza kwako, ingawa nakielewa. Mtoto aliyeuliza mara moja akaacha ameshatunga jibu lake, na majibu wanayotunga watoto huwa mabaya kuliko 103. Unaweza kumwambia namba pamoja na maana yake, kwamba wengi wako hapo na kwamba karatasi haikumwuliza kuhusu msumeno. Hatari ni kwamba atabaki na namba na kusahau maelezo. Unaweza kutomtajia namba ukamwambia ukweli mwingine: karatasi imefika, darasa lile limechukua watoto wachache, yeye hakuchukuliwa, na wewe unataka kujua kusoma kunamsumbua vipi. Unamfahamu wewe. Ninachoweza kusema ni kwamba kuendelea na "haijafika" hakuna maisha marefu kwenye nyumba yenye simu.

Na Baba Kulwa, usimwendee na hoja za Binet na Luria, utashinda mjadala upoteze mume. Mwonyeshe alichoandika mama yake, kisha mwulize angejisikiaje kama angekuwa na miaka kumi na simu ile iko mkononi mwake. Amejivunia binti yake, jambo jema, wababa wangapi hufanya hivyo. Huenda hajawaza kwamba sifa ya mmoja ilisomwa na wawili. Mwombe mkae wote wawili na Kulwa, mumwulize yeye anataka nini. Huenda akawashangaza. Msichana anayejivunia dakika zake chache za kutangulia huenda asipende kutangulia peke yake, au huenda ana hamu sana ya kwenda na anaogopa kusema mbele ya Doto.

Mwisho wa mwezi usiwakimbize. Iandikieni shule barua fupi, mkiomba kujua ni kipimo gani kilichotumika, kilisanifiwa lini na kwa watoto wa wapi, mtoto mgonjwa siku ile hutendewaje, nafasi hufunguliwa tena mwaka unaofuata au la, na mwalimu wa kusoma ana maoni gani juu ya Doto. Ombeni muda hadi mjibiwe. Shule yenye kipimo inachokiamini haitaona tabu kueleza. Ikikataa kueleza, au ikisema nafasi ni sasa au basi, niandikie tena kabla hamjatia sahihi, maana hapo mambo ya kupima yanabadilika, na Kulwa akishasema lake niambie amesemaje.

Shangazi